Hesabu Ndiyo Mlango wa Utabibu wa Mifugo

Hotuba hii ilitolewa na daktari wa mifugo aliyestaafu, mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi waliokusanyika Kibomet, karibu na mji wa Kitale. Twaichapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu wote wenye watoto shuleni na ng'ombe zizini.



Walimu wameniomba nijibu swali ambalo wazazi huwauliza kila mwaka. Swali lenyewe ni hili: "Mtoto wangu apenda wanyama, na Biolojia aijua vizuri. Lakini Hesabu imemshinda. Je, aweza kuwa daktari wa mifugo?"

Swali hili si dogo. Hapa Trans Nzoia watu hutusifu kwa mahindi, lakini ng'ombe ndiye alipaye karo katika nyumba nyingi, na maziwa ya asubuhi ndiyo yanunuayo sukari na mafuta ya taa. Nitajibu kwa kweli, wala sitampendeza mtu. Kwanza, hata hivyo, nitawaeleza kisa kimoja kilichonipata mimi mwenyewe.

Ndama Wawili

Nilikuwa kijana wa kidato cha pili. Baba yangu alikuwa na ng'ombe tisa, na kazi yangu siku ya Jumamosi ilikuwa kuwanyunyizia dawa ya kupe. Nilizoea kutia vifuniko vinne vya dawa katika ndoo moja ya maji. Siku moja chupa ilikwisha, tukanunua nyingine. Rangi ilikuwa ile ile, na jina lilikaribiana na la kwanza. Mimi sikusoma maandishi madogo yaliyoonyesha kwamba dawa hii ilikuwa na nguvu mara mbili ya ile ya zamani. Nikatia vifuniko vinne kama desturi yangu, kisha nikaongeza cha tano kwa sababu kupe walikuwa wengi.

Jua lilipotua ndama walianza kutoa mate na kutetemeka. Jirani alikimbia kumwita Bwana Mifugo, naye akafika usiku kwa baiskeli. Kabla ya kufungua mkoba wake aliniuliza maswali matatu: "Chupa hii ina nguvu kiasi gani? Ulitia mililita ngapi? Katika maji lita ngapi?" Sikuweza kujibu hata moja. Nilijua vifuniko, lakini mililita sikuzijua, wala ndoo ile sikujua yachukua lita ngapi.

Ng'ombe wakubwa walipona. Ndama wawili walikufa kabla ya mapambazuko. Baba hakunipiga. Aliniambia tu kwamba wale ndama ndio waliokuwa karo yangu ya mwaka uliofuata. Nikakaa nyumbani muhula mzima, na katika muhula huo nikaanza kusoma kitabu cha Hesabu ambacho hapo kwanza nilikidharau.

Masharti ya Kuingia Chuoni

Sasa natuyatazame masharti. Katika nchi yetu masomo ya digrii ya utabibu wa mifugo yalianza mwaka 1962 katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mafunzo yake hutolewa Kabete. Masomo hayo huchukua miaka mitano. Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, nacho hufundisha fani hiyo. Nje ya Kenya, jirani zetu wana Makerere huko Uganda, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huko Morogoro, Tanzania.

Kwa mwanafunzi aliyefanya mtihani wa kidato cha nne, mlango wa digrii yoyote ni wastani wa C+. Kwa utabibu wa mifugo hutazamwa hasa Biolojia na Kemia, kisha Hesabu au Fizikia. Hapo ndipo vijana wengi hujidanganya. Wakisikia neno "au" hufurahi, wakasema, "Basi nitachukua Fizikia, na Hesabu niitupe."

Vijana wangu, shikeni kalamu tupige hesabu hiyo pamoja. Alama A ina pointi 12, B ina 9, C+ ina 7, D+ ina 4, na E ina 1. Wastani hutolewa katika masomo saba, na pointi zote zikiwa kamili ni 84. Ili kupata C+ yatakiwa pointi zisizopungua 46. Tangu mwaka 2023 masomo hayo saba ni Hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Tazameni basi: masomo mengine huweza kuachwa nje, lakini Hesabu haiachwi. Imo tu, upende usipende.

Chukua mwanafunzi aliyepata C+ katika masomo sita. Sita mara saba ni 42. Akipata E katika Hesabu, jumla yake ni 43, na wastani wake ni C. Mlango wa digrii umefungwa. Mwenzake mwenye alama zile zile, lakini aliyejikaza akapata D+ katika Hesabu, ana 46, na wastani wake ni C+. Pointi tatu tu za somo moja ndizo zilizowatenga.

Lakini msidhani kwamba C+ yatosha. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba, na kuruhusiwa kuomba si kupewa nafasi. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, nao hupangwa kwa pointi. Tumpime tena mwanafunzi mwenye B katika masomo sita. Ana 54. Akipata B katika Hesabu ana 63, na wastani wake ni B. Akipata D-, yaani pointi 2, ana 56, na wastani wake washuka hata B-. Ameanguka daraja zima kwa sababu ya somo aliloliita la watu wengine.

Nawasihi pia, wazazi, msitegemee maneno ya sokoni wala maneno yangu peke yake. Huduma Kuu ya Kuwapangia Wanafunzi Vyuo Vikuu, ambayo vijana huiita Kuccps, hutangaza masharti ya kila kozi kila mwaka. Soma tangazo la mwaka ule mtoto wako anapoomba, na usome alama zinazotakiwa katika kila somo.

Wenye nia ya kusoma ng'ambo nao wajue kwamba Hesabu haikwepeki huko. Marekani kila chuo hujiwekea masharti yake: vingine hutaka somo la takwimu, vingine hutaka aljebra au hesabu ya juu zaidi. Atakaye kwenda na aandikie chuo kile kile anachokitaka.

Mtaala Mpya

Jambo jingine lawahusu wenye watoto wadogo. Kundi la mwisho la mtihani wa kidato cha nne litafanya mtihani huo mwaka 2027. Watoto wa mtaala mpya waliingia darasa la kumi Januari 2026, nao wana njia tatu za kuchagua: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hesabu, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo.

Hapo mwanzo ilipangwa kwamba Hesabu isiwe ya lazima kwa wote katika darasa hizo za juu. Wazazi na walimu wengi walilalamika, na mwezi wa Aprili 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma. Lakini Hesabu yenyewe ni ya namna mbili: ile nzito, kwa walio katika njia ya sayansi, na ile nyepesi, kwa wengine. Mtoto anayetaka kutibu wanyama hapana budi achague njia ya sayansi, achukue Biolojia, Kemia na Hesabu nzito. Uchaguzi huu hufanywa mtoto akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, na mara nyingi mzazi hana habari. Mzazi mwenzangu, uwe na habari. Aliye na Hesabu nzito aweza baadaye kuchagua kazi nyepesi, lakini aliyechukua ile nyepesi atarudi nyuma kwa taabu kubwa.

Daktari Hupiga Hesabu Wapi?

Mzee mmoja aliniuliza njiani nikija hapa, "Bwana Daktari, ng'ombe ana homa. Hesabu yaingiaje?" Nitamjibu kwa mifano. Tafadhali mkumbuke kwamba hii ni mifano ya kujifunza tu, si maagizo ya dawa.

Mfano wa kwanza ni uzito. Dawa nyingi hutolewa kwa kilo, na hapa kwetu hatuna mizani ya ng'ombe kila boma. Daktari huchukua utepe. Hupima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu toka bega hata mfupa wa matako. Huzidisha mzunguko kwa nafsi yake, huzidisha tena kwa urefu, kisha hugawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzunguko wa sentimita 160 na urefu wa sentimita 130 ana kilo kama 307. Mtu anayekadiria kwa macho aweza kusema 400, au 220. Tuseme basi dawa hutakiwa miligramu 10 kwa kila kilo. Ng'ombe wa kilo 300 atapewa miligramu 3,000. Ikiwa chupa ina miligramu 200 katika kila mililita, utavuta mililita 15. Ikiwa chupa ina miligramu 50, utavuta 60. Ng'ombe ni yule yule na dawa ni ile ile, lakini sindano moja ni mara nne ya nyingine. Anayejua kuvuta sindano asijue kugawanya ni mtu wa hatari.

Mfano wa pili ni josho. Ndigana, ugonjwa uletwao na kupe wa masikioni, umewamaliza ndama wengi katika nchi hii. Josho huwa na mwinamo upande ng'ombe anapotokea, kwa hiyo si sanduku. Chukua josho lenye urefu wa mita 10 juu na mita 4 chini, kina cha mita 2, na upana wa mita 1.2. Jumlisha 10 na 4, ugawanye kwa 2, upate 7. Zidisha kwa 2, kisha kwa 1.2, upate 16.8. Hizo ni lita 16,800. Asiyejua atazidisha 10 kwa 2 kwa 1.2, apate lita 24,000, naye atamwaga dawa ya lita 7,200 za maji ambayo hayapo. Fedha za chama zimepotea, na ng'ombe wataungua ngozi. Akikosea upande wa pili, dawa ikawa hafifu, kupe hawafi wote. Wanaobaki ni wale wenye nguvu, nao huzaa wenye nguvu kama wao, hata mwisho dawa ile haifai kitu katika kata nzima.

Mfano wa tatu ni maziwa. Ng'ombe aliyechomwa dawa hutoa maziwa yenye dawa. Tuseme dawa iliyomo hupungua nusu kila saa 12, na leo ni mara 64 ya kiasi kinachoruhusiwa. Itakuwa 32, kisha 16, kisha 8, 4, 2, na 1. Ni hatua sita, yaani saa 72, au siku tatu. Mama anayeuza maziwa siku ya pili hataki kumdhuru mtoto wa jirani; ila hakuna aliyempigia hesabu hiyo. Kazi ya daktari ni kumpigia, na kumwandikia siku ya kuanza kuuza.

Mfano wa nne ni vipimo, nao huwashinda hata wasomi. Tuseme tuna ng'ombe 1,000, na 20 kati yao wana ugonjwa wa kutupa mimba. Kipimo chetu huwagundua wagonjwa 95 katika kila 100, na huwasingizia wazima 5 katika kila 100. Kitaonyesha wagonjwa 19 wa kweli. Lakini katika wazima 980 kitawasingizia 49. Basi ng'ombe 68 wataonekana wagonjwa, na wagonjwa wa kweli ni 19 tu. Daktari asiyejua takwimu atawaamuru watu wachinje wote 68. Daktari anayejua atapima mara ya pili kabla ya kumtia mjane hasara ya ng'ombe wake wa pekee.

Mfano wa tano ni chanjo. Wazee walituhadithia habari za sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 hata watu wakafa njaa. Ugonjwa huo haupo tena duniani. Ilitangazwa mwaka 2011 kwamba umekwisha kabisa. Chanjo iliyosaidia sana katika kazi hiyo ilitengenezwa hapa hapa Kenya, Muguga, na Walter Plowright na wenzake. Lakini chupa ya chanjo peke yake haikutosha. Ilipasa kujua ng'ombe wangapi wachanjwe. Ikiwa mgonjwa mmoja huambukiza wengine wanne, basi watatu katika kila wanne wakiwa na kinga, atampata mmoja tu wa kumwambukiza, na ugonjwa hauwezi kuongezeka. Hiyo ni asilimia 75. Na kama chanjo huwashika tisa katika kila kumi, itakupasa kuwachanja kama 83 katika kila 100 ili upate 75 wenye kinga. Anayechanja 60 akarudi nyumbani amechosha watu na ng'ombe, na ugonjwa umebaki.

Njia Nyingine

Sitaki kijana yeyote aondoke hapa amevunjika moyo. Asiyefikia digrii asiseme kwamba safari yake imekwisha. Viko vyuo vya afya ya mifugo, Kabete, Ndomba na Nyahururu, vinavyotoa vyeti na stashahada, navyo hupokea wastani ulio chini ya ule wa digrii. Wanaohitimu huandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011, nao ndio mara nyingi hufika bomani kwanza. Yule Bwana Mifugo aliyekuja usiku kwa baiskeli hakuwa na digrii. Maswali yake matatu yalikuwa ya Hesabu. Basi hata katika njia hii Hesabu yakungoja.

Swali la Mama Mmoja

Baada ya maneno hayo mama mmoja alisimama akasema: "Daktari, binti yangu yu kidato cha tatu. Apata D katika Hesabu kila muhula. Baba yake asema aache ndoto hiyo, ajifunze kushona. Wewe wasemaje?"

Nilimjibu hivi: Mama, kushona nako ni kazi ya heshima, na fundi asiyejua kupima huharibu kitambaa. Lakini kwanza tumpime binti kwa haki. Mtihani wa Hesabu una karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Karatasi ya kwanza hutoka zaidi katika kazi ya kidato cha kwanza na cha pili. Katika kila karatasi sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50. Katika sehemu ya pili huchagua matano katika manane. Mwanafunzi anayepata D mara nyingi hakushindwa na mambo ya kidato cha tatu. Alianguka zamani, katika sehemu, uwiano, asilimia na ujazo, na tangu hapo ajenga nyumba juu ya msingi uliopasuka.

Basi arudi nyuma bila haya. Achukue kitabu cha kidato cha kwanza, afanye maswali manne kila jioni kabla ya kulala. Kwa majuma arobaini, jioni tano kila juma, ni maswali 800. Haba na haba hujaza kibaba. Naye baba yake ampe kazi ya nyumbani yenye hesabu ndani yake: apime maziwa ya kila ng'ombe, aandike, atoe wastani wa mwezi, apime vifua vya ndama kwa utepe, achanganye dawa ya kupe akisoma maandishi ya chupa kwa sauti, mtu mzima akiwa karibu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo litamfaa baba na binti pia. Ikiwa baada ya mwaka mmoja bado imeshindikana, tutasema amejaribu, na tutamtafutia njia nyingine. Lakini tusimhukumu kwa mtihani ambao hatujamwandalia.

Baba yake alikuwa ameketi nyuma. Aliuliza utepe wa kupimia wauzwa kiasi gani. Nikamwambia utepe wa fundi cherehani watosha.

Mwisho

Nimalizie, ndugu zangu. Jibu la swali nililoanza nalo ni hili: anayependa wanyama amepata nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kujua kiasi. Mnyama hawezi kusema, "Dawa hii imezidi." Hana ulimi wa kutuonya, ana kalamu yetu tu.

Kesho asubuhi, kabla hamjanyunyizia ng'ombe wenu, mwiteni mtoto aliye shuleni mkamwulize yale maswali matatu niliyoulizwa mimi: chupa ina nguvu kiasi gani, umetia mililita ngapi, katika maji lita ngapi. Akijibu, msifuni. Asipojibu, ketini naye mkatafute jibu pamoja, ng'ombe wakiwa bado wazima.